Jahazi dogo la mbao la sokoni Nairobi: bodi ya kubaki nayo, tanga la kuvua

Ukiingia City Market pale barabara ya Muindi Mbingu, au ukiifuata Maasai Market inavyohama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, utalikuta tu: jahazi la mbao lenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, vanishi inameta, tanga jeupe limekazwa kama ngoma. Wengi hulinunua likae juu ya kabati la televisheni. Hapa tunalipima kwa jicho la mtu anayejenga meli ndogo kwa kipimo na anayetaka kujua kama linaweza kusimama mezani kama chombo halisi kilichopunguzwa. Tuliseme mapema: kuanzia sitaha kwenda chini, linafaa na linazidi bei yake. Kuanzia sitaha kwenda juu, karibu kila kitu kivuliwe na kifanywe upya.

Jahazi tulilolipima liliuzwa shilingi 4,500 baada ya mapatano yaliyoanzia 8,000. Urefu wake kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ni milimita 460, upana 135 mahali palipo papana zaidi, kina 90 kutoka ukingo wa juu hadi chini ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Mlingoti unapanda milimita 250 juu ya sitaha, na kitako chake kiko milimita 160 kutoka omo. Foromali, mti wa juu unaoshika tanga, ina 350. Bodi, yaani mwili wa chombo, imechongwa kwa gogo moja, ikachimbwa ndani, kisha mistari ya mbao ikachorwa ubavuni kwa patasi. Haliji na ramani, wala karatasi ya kipimo, wala jina la fundi. Hilo la jina tutalirudia.

Kwanza hakikisha ni jahazi. Sokoni kila chenye tanga huitwa dau, na wauzaji wengine husema mtepe kwa sababu neno hilo lina harufu ya ukale na huongeza bei. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, mlingoti wake ulisimama wima, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa. Ukiambiwa "hii ni mtepe" na macho yako yanaona tanga la pembe tatu, mjibu muuzaji kwa heshima na ulipe bei ya jahazi. Ngalawa huijui kwa kuuliza: ina ndubi mbili, mbao za kuelea, kandokando zilizoshikwa na mirengu, miti ya kukingama, na mwili wake ni mtumbwi uliochimbwa, mara nyingi wa mwembe. Bum limechongoka mbele na nyuma, na huchomoza ubao mrefu puani. Jahazi na mashua ndivyo vyenye tezi iliyokatwa bapa. Mashua ni ndogo na wazi, jahazi ni kubwa na lina sitaha. Jahazi la Lamu lina omo iliyosimama karibu wima, ilhali la Unguja omo yake imelala zaidi. Letu lina omo ya wima na lina macho mawili, yaani duara za mapambo, mbele, kwa hiyo tunalishika kama la Lamu, na picha zote za kulinganisha zitafutwe huko. Usichanganye picha za bandari mbili katika chombo kimoja. Ndipo makosa mengi huanzia.

Sasa kipimo. Fundi hakuchonga kwa kipimo, alichonga kwa ukubwa wa gogo, kwa hiyo kipimo utakitafuta wewe. Njia rahisi kuliko zote ni mtu wa karatasi. Kata watu wawili wa karatasi ngumu: mmoja wa milimita 57, ambaye ni mtu wa mita 1.70 kwa kipimo cha 1:30, na mwingine wa milimita 42, ambaye ni mtu yuleyule kwa 1:40. Msimamishe kila mmoja kwenye sitaha, kisha mkalishe nyuma penye kana, mpini wa usukani. Kwenye bodi yetu yule wa 1:30 alikuwa jitu: ukingo haukumfika gotini na kana ilimpita chini ya kiganja. Yule wa 1:40 alikaa vizuri. Kwa 1:40 bodi inakuwa chombo cha mita 18.4, ukubwa unaokubalika kwa jahazi la mizigo. Mistari ya mbao iliyochorwa ina nafasi ya milimita 5, sawa na ubao wa sentimita 20, nayo pia inakubali. Upana wa 135 kwa urefu wa 460 unatoa uwiano wa 3.4 kwa 1, na majahazi ni vyombo vipana vya namna hiyohiyo, kati ya tatu na nne. Aliyechonga bodi hii ameona jahazi likiwa nchi kavu, limeegemea magogo, na amelitazama kutoka nyuma. Tezi inabana inaposhuka kwenye mkuku kama kiuno cha glasi. Mchongaji wa kubahatisha huiacha pana hadi chini kama sanduku.

Kabla ya kugusa chochote, liache lipumzike. Mbao iliyochongwa pwani imezoea hewa yenye unyevu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni kavu zaidi, hasa Januari na Februari, hivyo mbao hutoa maji na kusinyaa. Ncha za gogo hukauka haraka kuliko katikati, ndiyo maana nyufa huanzia kwenye fashini ya omo, ule mti wa mbele kabisa, na pembeni mwa tezi, zikifuata nyuzi za mti. Weka jahazi chumbani, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Lipime kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki na uandike gramu. Uzito ukikaa palepale kwa wiki mbili mfululizo, mbao imetulia. Kwa kawaida utangoja wiki 3 hadi 5. Ukikimbilia kupaka rangi wiki ya kwanza, ufa utafunguka chini ya rangi yako na hutakuwa na la kufanya ila kuanza upya.

Ufa usiuzibe kwa puti. Puti haivutiki, na mvua za Machi zikija mbao itavimba, itaibana, kisha kiangazi kikirudi itaiachia idondoke. Chonga kijiti chembamba cha mti wa aina moja na ule, kipake gundi nyeupe ya mbao, kisukume ndani ya ufa nyuzi zikielekea upande mmoja, acha saa 24, halafu sawazisha kwa msasa namba 240 na 400.

Kagua pia matundu ya bungua. Tundu lenye unga mweupe au wa manjano mdomoni lina mdudu aliye hai. Funga jahazi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa kadiri uwezavyo, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sufuri kwa wiki mbili. Ukilitoa usifungue mifuko hadi siku ya pili, ili umande ugandie nje ya plastiki badala ya kulowesha mbao.

Vanishi ndiyo dosari ya kwanza ya kuonekana. Imemwagwa nene, imejaa kwenye mistari ya patasi na kuganda kama matone ya asali chini ya ukingo. Chombo cha mita 18 hakimeti hivyo. Pitisha msasa namba 320 mkavu, halafu 400, ukifuata urefu wa mbao. Kwenye mistari tumia ncha ya kijiti kilichozungushiwa msasa. Huna haja ya kuitoa yote: ukifika mahali mwanga hauakisi tena, rangi itashika. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huharakisha mambo, lakini huyeyusha pia gundi ya haraka iliyoshika usukani na macho, basi viondoe kwanza.

Tufike juu, kwenye kazi yenyewe.

Mlingoti wa jahazi hili umesimama wima kama mti wa bendera. Mlingoti wa jahazi huegemea mbele, kuelekea omo, na jambo hili si la urembo. Piga hesabu: kitako kiko milimita 160 kutoka omo. Mlingoti ukiegemea nyuzi 8, ncha yake husogea mbele milimita 35, hivyo sehemu ya kuning'inizia foromali inakuwa milimita 125 hivi kutoka omo. Kutoka hapo, nusu ya chini ya foromali inayoteremka kwa mshazari inafika omo sawasawa, pale goshi, pembe ya chini ya mbele ya tanga, inapofungwa. Ukiusimamisha wima, mguu wa foromali unaishia ndani ya chombo, na kila kamba inayofuata inakuwa ya uongo. Fundi wa sokoni alilitatua kwa kufupisha foromali hadi 350, pengine ili jahazi liingie kwenye katoni ya mgeni. Foromali halisi hukaribia urefu wa chombo chenyewe. Hapa zinakosekana sentimita 11.

Kuung'oa mlingoti: umegandishwa kwa gundi na msumari mmoja mwembamba. Zungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwenye shina kwa dakika 15, gundi nyeupe italegea, kisha ugeuze polepole kulia na kushoto. Usivute kwenda juu, utapasua sitaha. Ziba tundu la zamani kwa kigingi cha mti, acha ikauke siku nzima, ndipo utoboe upya. Ili keekee isikudanganye pembe, kata pembetatu ya kadibodi yenye urefu wa milimita 100 na kitako cha milimita 14. Hizo ndizo nyuzi 8. Isimamishe kando ya keekee na ufuate ukingo wake. Mlingoti wenyewe unaweza kuurudisha, ila uupunguze unene kwenda juu: milimita 8 chini, 5 kileleni.

Foromali mpya itatoka kwenye vijiti vya mishikaki vya dukani, vile vya milimita 300 kwa unene wa 3. Foromali halisi si mti mmoja. Ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kufungwa kamba, nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, ndiyo maana hupinda upepo ukipiga. Chukua vijiti viwili visivyo na kifundo, vipishanishe kwa milimita 140 na utapata 460 kamili. Kwaruza sehemu za kuungana kwa msasa 120, kwa sababu mwanzi laini haushiki gundi. Paka gundi, bana kwa vibanio vya nguo, subiri saa 12. Halafu funga mafungo matano, kila moja mizunguko 7 ya uzi wa milimita 0.3. Chonga ncha hadi milimita 1.5. Mwisho ishikilie juu ya mvuke wa birika na uipinde kidogo, katikati ishuke milimita 10 ukilinganisha na ncha. Zaidi ya hapo itafanana na upinde wa mishale.

Kamba zilizokuja na jahazi ni katani ya milimita 2. Zidisha kwa 40: unene wa milimita 80, kamba ya kufungia meli ya mizigo gatini Kilindini. Zote zitoke. Kwa 1:40 unahitaji unene wa aina tatu: milimita 1 kwa henza (kamba inayoning'iniza foromali), 0.6 kwa jarari (kamba ya kuivutia henza), demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) na kamba za kushikilia mlingoti, na 0.3 kwa mafungo. Uzi wa cherehani wa poliesta una unene wa karibu milimita 0.2, na unaweza kusokota kamba mwenyewe. Funga nyuzi tatu kwenye msumari ukutani, ncha nyingine kwenye keekee ya mkono, zungusha hadi zianze kujikunja, zishike katikati, ziunganishe na uziachie zijisokote kinyume. Kukunja katikati kunaacha nusu ya urefu, na kusokota hupunguza karibu robo nyingine, basi anza na mita 2.8 kwa kila mita unayotaka. Kupima unene hakuhitaji chombo cha gharama: zungusha kamba mara 10 kwenye penseli bila kuacha nafasi, pima upana wote kwa rula. Ukipata milimita 6, kamba yako ni ya 0.6. Ipitishe kwenye kipande cha nta ya nyuki mara tatu ili manyoya yalale. Pamba usiitumie kwa kamba ndefu. Hunywa unyevu, hukaza na kulegea majira yakibadilika, na kamba uliyoinyoosha Februari hutaikuta vilevile Mei.

Mpango wa kamba hutakiwi kuubuni. Foromali huning'inia kwa henza, inayopita kileleni mwa mlingoti na kushuka nyuma, si mbele, hadi kwenye kapi (roda) iitwayo gofia. Jarari hupita kati ya gofia na abedari, ambayo ni kapi kubwa iliyofungwa kwenye sitaha nyuma ya mlingoti. Kwa kuwa mzigo huo wote unavuta kuelekea nyuma, ndio pia unaouzuia mlingoti ulioegemea mbele usianguke. Kwenye jahazi la sokoni kamba zimeshuka mbele na nyuma sawa kwa sawa, kama hema. Kamba za pembeni, mbili au tatu kila ubavu, si za kudumu: zile za upande upepo unakotoka hukazwa, za upande wa pili hulegezwa zisilizuie tanga. Ukikaza pande zote mbili, anayelijua jahazi ataona mara moja kwamba chombo hakijawahi kusafiri.

Kapi hazipo kabisa, zichonge. Kipande cha mti mgumu cha milimita 5 kwa 4 kwa 3 ni kapi ya sentimita 20, kitoboe tundu la milimita 0.7. Abedari iwe na urefu wa milimita 8 na matundu mawili. Toboa kabla ya kukata kutoka kwenye mti mrefu, kwa sababu kipande cha milimita 5 hakishikiki, na keekee itakipasua.

Tanga lilikuwa kitambaa kizito kilichotiwa wanga, pembetatu iliyochorwa kama nembo ya hoteli, na mlingoti umelitoboa katikati. Tanga la jahazi halipiti kwenye mlingoti, hukaa upande mmoja wake, ule ambao upepo unaelekea. Wala si pembetatu kamili. Lina ukingo mfupi wa mbele, kwa hiyo lina pembe nne. Kwa foromali ya 460, kata hivi: ukingo wa juu milimita 440, wa nyuma 395, wa chini 285, wa mbele 45. Vipimo vinne peke yake huweza kupinda, kwa hiyo shika na mshazari, kutoka pembe ya chini mbele hadi ncha ya juu: 477. Kata kwanza kwa gazeti, ulining'inize, uangalie kama pembe ya demani haigusi ukingo wa chombo. Ikigusa, punguza ukingo wa nyuma kwa milimita 10, usiguse mwingine.

Kitambaa kizuri ni melimeli nyembamba, inapatikana kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street. Inua kipande kwenye mwanga na uchague chenye nyuzi zilizobanana. Uzi wa milimita 0.2 ni sawa na kamba ya milimita 8 kwa 1:40, hivyo kitambaa kilichofumwa wazi kitaonekana kama chandarua. Ongeza milimita 6 kila upande za kukunjia. Tanga halisi hushonwa kwa vipande, na mishono huenda sambamba na ukingo wa nyuma. Ukichukulia kitambaa cha upana wa sentimita 90, mshono uwe kila milimita 22. Usishone kwa cherehani: tundu la sindano ni kubwa mno. Piga mistari miwili kwa penseli ngumu ya 2H, milimita 0.5 kati yake, pande zote mbili za kitambaa. Kamba ya ukingo gandisha kwa gundi nyeupe, uzi wa 0.4.

Wengi hupaka tanga rangi kwa chai kali. Hutoa rangi nzuri ya kahawia siku hiyohiyo, lakini asidi ya chai hula pamba kadiri miaka inavyokwenda. Kwa tanga linalotarajiwa kukaa, tumia rangi ya akriliki: tone 1 la hudhurungi na tone 1 la kijivu kwa vijiko 2 vya maji, chovya kitambaa, kamua, kining'inize. Kisha lipe umbo: changanya gundi nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 5, lowesha tanga likiwa tayari kwenye foromali, lilaze juu ya puto lililopulizwa nusu, acha likauke. Tumbo la tanga lisizidi milimita 35 kwa ukubwa huu.

Kuna njia nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo inayolipendeza jahazi hili zaidi: foromali ishushwe, tanga likunjwe na kufungwa juu yake, chombo kikiwa bandarini. Tanga lililokunjwa linahitaji theluthi tu ya kitambaa. Ukilikunja lote litakuwa nene kama godoro, basi kata kipande chenye kina cha milimita 130 badala ya 395, na hakuna atakayejua.

Rangi ya bodi inategemea miaka unayoiiga. Jahazi la zamani lilipakwa mafuta ya papa juu ya mstari wa maji, likawa kahawia nzito, na chini likapakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Nyeupe ya deheni si nyeupe ya ukuta. Changanya nyeupe sehemu 10, udongo wa manjano 1, kijivu 1, na uipake kwa brashi iliyokauka nusu, ikiacha mbao ionekane hapa na pale. Mstari wa maji upige hivi: weka jahazi mezani likiwa sawa, gandisha penseli juu ya kibao cha urefu unaotaka, na uzungushe kibao kandokando mwa chombo. Usiupime kwa rula kutoka ukingoni, kwa kuwa ukingo umepinda na mstari utapinda nao.

Macho ya jahazi letu yalikuwa vifungo vya shati vilivyogandishwa. Mashine ya kutobolea karatasi ofisini hutoa duara la milimita 6, sawa na sentimita 24 kwa 1:40. Chapisha nyota na mwezi kwenye karatasi nyembamba, toboa, gandisha, funika kwa vanishi isiyong'aa.

Hesabu ya fedha na muda: melimeli, nyuzi, nta, vijiti, gundi, msasa wa namba nne na rangi tano ndogo havifikii bei ya jahazi lenyewe. Muda ni jioni 25 hadi 30, na nusu yake ni kamba. Ukilinganisha na sanduku la meli ya kuunganisha kutoka ng'ambo, utakosa ramani na maelekezo ya hatua kwa hatua, lakini utapata bodi ambayo ni nadra kuipata viwandani: ya chombo cha pwani yetu.

Wenye nia ya mashindano wajue jambo hili mapema. Naviga, shirikisho la kimataifa la meli ndogo lililoanzishwa mwaka 1959, lina kundi la C kwa meli za kusimama mezani. Vyombo vya tanga na makasia vinaingia C1, vidogo vya 1:250 kushuka chini vinaingia C4, vya ndani ya chupa C5, vya plastiki vya kuunganisha C6, vya karatasi C7. Jahazi la 1:40 lingekuwa la C1, ambako waamuzi hulinganisha kazi na michoro unayowasilisha, na mshindani ndiye anayetakiwa kuwa mjenzi. Bodi ya kununua haiingii hapo, hata kama kila kapi ni ya mkono wako. Maonyesho yenye meza za kuonyesha bila kushindana, kama yale ya IPMS ya Uingereza, chama cha wajenzi wa vielelezo vya plastiki, kila Novemba huko Telford, ni jambo lingine: pale unaweza kuliweka, mradi useme wazi lilivyopatikana. Mwenye kutaka C1 atumie bodi hii kama mwalimu. Apime umbo lake kila milimita 40 kwa kadibodi iliyokatwa kufuata ubavu, alinganishe na picha, kisha ajenge lake kwa mkuku na mataruma, mbavu za chombo.

Popote litakapowekwa, anayelikagua huanza na mambo yaleyale. Mlingoti ukitazamwa kutoka mbele uko katikati? Usukani unafuata mkuku au umeenda kombo? Kuna gundi inayometa kwenye mafundo? Kamba zina manyoya? Ncha za kamba zinakwenda mahali, au zimekatwa hewani? Usukani wa jahazi letu ulikuwa kombo kwa milimita 3, kosa la dakika kumi kulirekebisha na ambalo lingeonekana kutoka mlangoni.

Ukiwa sokoni, geuza jahazi juu chini kabla ya kuuliza bei. Fuata mkuku kwa jicho moja kama unavyopima ubao: ukipinda, liache, hautanyooka. Linganisha kimo cha mabavu mawili kwa kidole gumba, kutoka ukingo hadi mkuku. Gonga tezi kwa kucha. Sauti kavu ni mbao nzima, sauti ya kupwaya ni ufa uliojazwa nta. Tanga, kamba na vanishi usivitazame kabisa, maana unavinunua ili uvitoe.

Na umuulize muuzaji jina la fundi na kijiji chake. Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wamejulikana muda mrefu kwa kuunda vyombo, ila usikisie, uliza. Wengine watajibu "imetoka tu pwani", wengine watapiga simu palepale wakupatie jina. Liandike chini ya mkuku kwa penseli kabla ya kupaka rangi, pamoja na mwezi na mwaka wa kununua, na kwenye kadi ya meza litangulie: bodi imechongwa na fulani, tanga na kamba na fulani, kipimo 1:40.